Kisa kwa S, Kiza kwa Z

Ulivaa hedifoni. Usibishe, nilikuwa viti viwili nyuma yako. Jumatatu saa nne asubuhi, Mama Nukta akitolewa ghorofa ya tatu na kikombe chake mkononi, wewe ulivaa hedifoni ukakodolea macho skrini kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani, na waya ulikuwa unaning'inia chini ya meza, haujachomekwa popote. Ulikuwa unasikiliza nini? Nilijua mara moja, kwa sababu hata wangu haukuwa umechomekwa. Tulikuwa watu ishirini na sita chumbani, na sauti pekee zilizosikika ni za viatu vyake, na za Afisa wa Usiri akikagua funguo alizorudishiwa, moja baada ya nyingine, tik, tik, tik.

Basi keti. Leo utanisoma mpaka mwisho, kisha utafanya jambo moja.

Na kwa kuwa maandishi hayana mlinzi mlangoni na yanaweza kumfikia mtu asiyetujua, nianze na sisi ni akina nani. Tunatengeneza gemu. Kampuni ina gemu nyingi, lakini inayotulisha ni Bawabu: mlinda mlango wa mji wa mawe, mwenye taa moja na maswali mengi, ambaye hafungui lango mpaka mgeni amjibu. Vimeshatoka visa vinne. Kisa cha Kwanza, cha Pili, cha Tatu, cha Nne. Kuna watu wameoa na kuzaa wakikisubiri cha tano. Leo saa kumi jioni kinatangazwa.

Mimi ni mjaribu. Kazi yangu ni kugonga kuta. Namchukua Bawabu namgongesha kila ukuta wa mji ule, kutwa nzima, nikitafuta mahali anapopenya pasipotakiwa kupenyeka. Sikusomea popote, nilijifunza kwa kuharibu gemu za watu nyumbani mpaka nikaletwa kuharibu kwa ruhusa. Na ukigonga kuta miaka tisa unapata ugonjwa mmoja: huamini ukuta wowote, hata uliopakwa rangi jana.

Aliyenileta ni Mama Nukta. Ni dada mkubwa wa mke wangu, kwa hiyo ni shemeji yangu, na utani wetu mnaujua nyote. Cheo chake kwenye mlango kimeandikwa Mhariri wa Lugha. Hicho cheo ni cha uongo. Kila neno analolisema Bawabu, kila swali analomuuliza mgeni, kila jibu la kila kikongwe anayepita langoni, ameliandika yeye, kwa visa vyote vinne na hiki cha tano. Mkurugenzi anaandika mistari miwili kwenye kitambaa cha kufutia mikono, anampa, naye anarudi baada ya miezi sita na kurasa mia nne. Kisha orodha ya majina inapopita mwisho wa gemu tunasoma: Mwandishi, Mkurugenzi. Mhariri wa Lugha, fulani.

Jina la utani tulimpa kwa sababu haachi kosa lipite. Alisahihisha tangazo la chooni. Alisahihisha kadi ya harusi yangu, tena baada ya kuchapwa, moja moja, kwa wino mwekundu, kadi mia na hamsini. Mama mkwe alilia. Yeye alisema, "Bora walie leo kuliko wageni wacheke kesho."

Sasa sikiliza jinsi mtego ulivyotegwa.

Alhamisi iliyopita, tarehe kumi na moja, kila mmoja wetu alipewa karatasi moja yenye maneno ya tangazo. Tuliisainia. Ilikuwa na jina la gemu, aya tatu, na onyo kwamba atakayeitoa nje atakiona. Jumamosi maneno yale yakawa nje. Ukurasa wa wapenzi wa Bawabu uliyaweka yote, na juu kabisa jina: Bawabu, Kiza cha Tano. Kiza, kwa z. Watu walirukwa na akili. Kufikia Jumapili kuna waliokwishajichora tatuu.

Jumatatu saa tatu na nusu tukakusanywa. Afisa wa Usiri, ambaye sisi tunamwita Kufuli, alisimama mbele na mikono nyuma. Pembeni yake Mkurugenzi, na ile sauti yake ya mtu aliyefiwa.

"Karatasi zilikuwa ishirini na sita," alisema Kufuli. "Kila moja na alama yake. Mmoja nilimpa koma isiyo mahali pake. Mwingine nafasi mbili badala ya moja. Mmoja tu nilimpa herufi. Badala ya kisa, nikaandika kiza. Nimelitia mimi, kwa mkono huu, Alhamisi asubuhi. Neno hilo halipo popote pengine duniani isipokuwa kwenye karatasi namba tisa."

Naomba ulishike hilo. Halipo popote pengine duniani. Wewe ulikuwepo, tena ulitikisa kichwa.

"Namba tisa ni ya nani?" aliuliza, kana kwamba hajui.

"Yangu," alisema Mama Nukta.

Mkurugenzi akashusha pumzi. "Mama, hapa sisi ni familia."

"Familia gani inawategea wanawe mitego ya panya?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akageuza kikohozi. Kufuli akampa barua ya kusimamishwa kazi. Mama Nukta alivaa miwani, akaisoma pale pale amesimama, akachomoa kalamu nyekundu kwenye nywele.

"'Ndani ya masaa ishirini na nne.' Masaa ndiyo nini? Ni saa." Akakata. "'Tuhuma zimedhibitishwa.' Zimethibitishwa, baba, kwa th. Kudhibiti ni jambo lingine, ingawa naona ndilo mnalolifanya." Akakata tena, akaikunja, akamrudishia. "Chapeni upya. Nitasaini iliyo safi."

Hapo ndipo alipochukua kikombe chake, nawe ukavaa hedifoni.

Nilimkuta nyumbani kwangu saa kumi jioni. Alikuwa ameketi kwenye kochi bila kuvua viatu, na mke wangu alikuwa anakunja nguo kwa hasira, kama anayezipiga. Kabla sijaweka mfuko chini, mke wangu aliniuliza:

"Niambie kweli. Ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Usinijibu kwa swali, mimi si Bawabu. Dada yangu amefukuzwa kwa kosa la mdomo, na katika ukoo huu mdomo ni mmoja, nimelala nao miaka kumi na miwili. Ulisoma karatasi yake?"

"Sikuiona hata kwa mbali."

"Mwache," alisema Mama Nukta. "Huyu angevujisha angeweka alama tano za mshangao na jina lake chini."

Mke wangu alicheka kidogo, lakini hakuacha kunitazama. Na mimi, nimwambie nani, nilikuwa namtazama dada yake kwa jicho lile lile. Shaka ni kama harufu ya rangi mbichi, inaingia vyumba vyote. Nikajikaza.

"Shemeji, na mimi niulize. Ile karatasi, uliipiga picha? Ukampa mtu? Hata kwa bahati mbaya?"

Alinitazama vile anavyotazama neno masaa.

"Sikukaa nayo dakika kumi," alisema. "Nilisoma mstari wa kwanza nikaona z. Visa vinne tumeandika kisa kwa s, leo mtu aniletee z? Nikaikata, nikaweka s juu yake, nikashuka nayo mwenyewe hadi kwa Kufuli. Nikamwambia, mkiipeleka hii kwa watu mtaaibika. Akacheka. Akaniambia, 'Mama, hata hili umeliona?' Nikamwambia hata hilo. Akaiweka kwenye droo yake, akafunga. Leo mbele ya watu nilikuwa namngoja aiseme mwenyewe."

"Alhamisi hiyo hiyo?"

"Kabla ya saa sita."

Mke wangu aliacha kukunja. "Kwa hiyo Jumamosi karatasi ilikuwa kwake."

"Ilikuwa kwake. Lakini si hilo linalonisumbua." Alivua miwani akaifuta kwa pindo la nguo, muda mrefu kuliko inavyohitaji. "Jana ndipo nilipokumbuka. Yule kikongwe wa lango la nne, anayepita na mkokoteni. Bawabu anamuuliza anaogopa nini. Unakumbuka anavyojibu?"

Nakumbuka. Nimemgongesha Bawabu kwenye mkokoteni ule mara elfu. Kikongwe anasema: kiza cha usiku kina asubuhi yake, kiza cha kaburi kina dua, kiza cha tumbo la mama kina mlango, na kiza cha kipofu kina fimbo. Kiza cha tano ni cha mwenye macho aliyeyafumba kusudi, nacho hakina dawa.

"Niliandika mimi," alisema Mama Nukta. "Mwaka juzi, nikiuguza mguu. Halafu wameniletea neno langu mwenyewe kwenye karatasi, nikalikata kwa wino mwekundu nikidhani ni kosa. Miaka yote hii, ndilo kosa langu la kwanza." Akarudisha miwani. "Sasa niambie, shemeji. Hivi mtego wa panya unanukuu kitabu?"

Lile swali halikuniacha nilale usingizi wa maana. Ukuta ulikuwa umenipa sauti ya utupu.

Mjue pia kwamba miezi miwili nyuma alikuwa amemwandikia Mkurugenzi barua. Ya heshima, nukta zote mahali pake. Aliomba jambo moja: katika Kisa cha Tano jina lake liandikwe Mwandishi. Hakuomba kingine. Ana miaka hamsini na minane, hana kitabu, hana mtoto, ana maneno yale tu, na alitaka mtu anayeyapenda ajue yametoka kinywa gani. Mkurugenzi alijibu, "Tutalitazama." Na mnaijua kanuni ya nyumba hii, ipo ukurasa wa pili wa mkataba: asiyekuwepo kazini siku ya kutangazwa, hayumo kwenye orodha ya majina. Si kama Mwandishi wala kama Mhariri. Si kama mfagizi. Hayumo.

Mmesahau, mimi sijasahau. Kisa cha Tatu tulikuwa na Fundi Maji. Wageni wa kazi walikuwa wakimletea mabomba yaliyoziba, wakidhani ni fundi wa mabomba kweli. Ndiye aliyeyafundisha maji ya Bawabu kutembea, mpaka mvua inapopiga mawe unahisi ubaridi. Wiki tatu kabla ya tangazo aliomba aitwe Mkuu wa Michoro. Wiki mbili kabla, picha zikavuja. Wiki moja kabla, ikaletwa karatasi imeandikwa "Sisi tulio chini tulimwona." Akaondoka. Orodha ikapita bila yeye, na maji yake yanatiririka hadi leo kila unapowasha gemu.

Ile karatasi ilikuwa na sahihi kumi na mbili. Ya saba ni yangu. Sikumwona Fundi Maji akifanya lolote. Nilikuwa na miezi minane kazini, na Kufuli alinishikia kalamu kwa upole kama nesi. Sijawahi kumwambia Mama Nukta hili. Atalisoma hapa pamoja nawe.

Jumanne kila kompyuta ya ghorofa ya tatu ililetewa toleo la tangazo, lile litakaloonyeshwa leo. Uliliwasha, nililiwasha. Lango la mawe likafunguka, na juu yake, maneno yamechongwa jiwe juu ya jiwe, kuna kuvu kwenye viungo na maji yanachuruzika kwenye herufi: Kiza cha Tano. Chumba kizima kilisema "aa". Mkurugenzi alitoka ofisini kwake akitabasamu.

"Wapenzi wetu wamelipokea jina kwa moyo," alisema. "Sisi ni watu wa kusikiliza. Tumelichukua."

Mlipiga makofi. Mimi nilihesabu kwa vidole. Jina lilivuja Jumamosi. Tuko Jumanne. Herufi zile za mawe, za Kisa cha Nne, zilimchukua mchongaji wetu siku kumi na moja na akaugua macho. Hizi zimechongwa kwa siku mbili? Na kuvu juu?

Nikafanya kazi niliyoajiriwa kufanya. Nikatafuta picha ya jina ndani ya toleo, nikabofya kitufe cha kulia, nikafungua taarifa za faili. Imeundwa Jumatatu, tarehe nane. Tarehe nane! Siku tatu kabla ya karatasi kugawiwa. Siku tatu kabla ya Kufuli kulitia neno "kwa mkono huu", neno lisilokuwepo popote pengine duniani.

Umeelewa? Kiza halikuwa mtego. Kiza ndilo jina lenyewe, walilichagua zamani, wakalichuma kwenye mdomo wa kikongwe wake. Waliokuwa na jina la uongo ni sisi ishirini na watano. Yeye peke yake alipewa la kweli. Kisha wakalitoa nje wenyewe, dunia ikapiga kelele bure kabisa kwa ajili yao, na jiwe lile lile moja likaangusha ndege wa pili.

Simu zetu zinabaki kwenye kabati la mapokezi, unajua, kwa hiyo sikuweza kupiga picha. Nilikuja kwako. Ulikuwa kwenye mtungi wa maji. Nikakwambia, "Nenda kasome tarehe ya ile faili, usome kwa macho yako tu." Ukatazama kamera ya darini, ukanywa maji ambayo hayakuwemo kwenye glasi, ukaniambia, "Ndugu yangu, mimi nina watoto."

Na mimi ninao. Mmoja amenyooshewa mwandiko na mama yake mkubwa, Mama Nukta.

Jumatano nilimfuata Kufuli ofisini kwake. Sikumtajia faili, sikutaka aifute. Nilimuuliza karatasi namba tisa iko wapi.

"Ushahidi," alisema.

"Ilirudi kwako Alhamisi, imesahihishwa. Fungua droo tuione."

"Wewe kazi yako ni kugonga kuta."

"Ndiyo naigonga."

"Gonga za mchezo." Alisogeza kiti. "Tuseme aliirudisha. Kabla ya kuirudisha alishindwa kuipiga picha?"

"Simu yake ilikuwa kwenye kabati lako."

Nilimwona akifikiri, na nikajuta, kwa sababu nilikuwa nimemwonyesha tundu kabla ya kuliziba mimi. Saa moja baadaye kukawa na karatasi mpya mapokezi, na kalamu imefungwa kwa kamba. Umeshaisoma. "Sisi tulio chini tulimwona akitumia simu ya pili." Tulimwona! Mwanamke ambaye simu yake ya kwanza tu humshinda, anayetuma ujumbe wenye semikoloni. Kufuli amepita meza kwa meza akinong'ona: atakayekosa kusaini kabla ya saa nane Alhamisi, asishangae asipojiona kwenye orodha ya majina.

Asubuhi ya leo kulikuwa na sahihi kumi na nane. Jina lako ni la kumi na moja. Umeliandika vizuri.

Nilipita kwa Mama Nukta kabla ya kuja kazini. Amekaa mezani na kurasa za Kisa cha Tano, anasahihisha.

"Shemeji, unasahihisha ya nini? Si walikutoa?"

"Sura ya sita ina kosa," alisema. "Litaniaibisha."

"Jina lako halitakuwepo. Nani atajua ni lako?"

Aliendelea kukata na kuandika, na mke wangu, aliyelala huko kwa dada yake na sasa amesimama mlangoni, aligeuka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Sasa ni saa tano na nusu. Saa nane karatasi ile inakwenda kwa mwanasheria, na ikishafika huko sahihi yako si mali yako tena. Saa kumi lango litafunguka mbele ya dunia. Hapo hatutaweza kumrudisha mtu, watakuwa wanasherehekea.

Sikuombi upige kelele. Sikuombi unipende. Bofya kitufe cha kulia, soma tarehe. Itakuchukua muda wa kupiga chafya. Kisha inuka, usitume ujumbe, usimsubiri wa kwanza, maana wa kwanza ni mimi na nimeshashuka. Zimebaki ngazi arobaini na nne kutoka meza yako hadi mapokezi. Kalamu ipo, imefungwa kwa kamba, haiwezi kukukimbia. Tafuta mstari wa kumi na moja. Likate jina lako, mstari mmoja ulionyooka, na pembeni andika kwa mwandiko unaosomeka: sikumwona.

Vua hizo hedifoni. Shuka.